Sikio la Rwamba

Miaka tisa ya uziwi haikumpa Rwamba upweke kama ule aliopewa na kifaa cha kusikia.

Kabla ya kifaa alikuwa na Kawira. Mashamba yao ya kahawa hapa Manyatta yanatenganishwa na ua wa miti tu, na kila asubuhi Kawira aliusogelea akamsimulia habari za kijiji kwa mikono. Ishara ya kuvaa kofia ilikuwa Njagi, mumewe Kawira. Ya kushika tumbo kubwa, chifu. Walicheka mpaka mabega yakatikisika, na Rwamba hakujiona kama amepungukiwa na kitu.

Kisha wazungu wa kujitolea wakaja Julai na kliniki yao ya wiki mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Binti mmoja alimvisha kifaa sikioni, Rwamba akasikia kuku, akasikia mvua juu ya mabati, akalia mbele ya kamera. Picha yake ikatundikwa mlangoni mwa kanisa: Mama Rwamba sasa anasikia. Kawira alifurahi kuliko wote. Mikono yake akairudisha kwenye kahawa. Ya nini tena, na mwenzake ana masikio?

Wageni walimwachia betri za mwaka mzima, ndogo kama dengu, kila moja na stika yake. Rwamba ni mwanamke msafi. Aliketi jikoni akazibandua stika zote, kama mtu abanduavyo karatasi kwenye sahani mpya kabla ya kuzipanga kabatini. Hakuna aliyemwambia kwamba stika ikishatoka betri huanza kuisha, hata ikilala kabatini. Aliyejua hayo alikuwa kwao, ng'ambo. Miezi miwili haikuisha, zote zimekufa. Ngari, mwanawe anayefanya kazi Kinoru, alizitafuta Meru nzima asipate.

Angesema. Lakini utasemaje husikii, na picha yako iko kanisani? Akaanza kuitikia kwa kubahatisha. Mtu akichezesha midomo, yeye hutabasamu na kumshukuru Mungu.

Asubuhi moja ya Mei Kawira alikuja kwenye ua bila kikapu, leso kaifunga kiunoni, akasema maneno machache. Rwamba akatabasamu.

"Bwana asifiwe," akamjibu. "Ni vizuri sana."

Kawira akageuka, akaondoka. Mchana Rwamba aliona watu wakibeba viti vya matanga kuelekea kwa Kawira, ndipo akajua kwamba Njagi amefariki.

Alikwenda matangani na hakuna aliyempisha kwenye benchi. Alijaribu kujieleza kwa shemeji wa Kawira, naye akamwonyesha kwa kidole kile kifaa sikioni mwake, akampa mgongo. Tangu siku hiyo Kawira alichuma kahawa upande wa mbali wa shamba. Rwamba alizungumza na kuku wake, asisikie hata sauti yake mwenyewe. Tumaini lake lilikuwa moja: wenye kifaa wakirudi, wao wenyewe wakasema kimekufa, Kawira ataamini.

Julai wakaja, lakini wengine kabisa, vijana wa kupaka rangi shule iliyopakwa rangi mwaka jana. Kinyua, ambaye huwaleta na kuwatafsiria, alimwita Rwamba mbele kwa mkono kama ushahidi wa kazi njema, akampa kipaza sauti. Wanakijiji walikuwa kwenye viti vya nyuma, Kawira kati yao. Rwamba alisema kwa Kiembu, polepole.

"Kifaa hiki kilikufa mwaka jana. Kawira aliponiambia habari za Njagi, sikusikia. Naomba msamaha wake."

Kinyua akawageukia wageni, akatafsiri. Mkate wake uko kwao, na mtu hautemi mkate wake. Wageni wakasimama, wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Rwamba aliyaona yale makofi, akaelewa kwamba maneno yake yamegeuzwa shukrani. Huko nyuma wanakijiji hawakupiga makofi. Kiti cha Kawira kilikuwa kitupu.

Alirudi nyumbani peke yake. Kwenye ua alimkuta Kawira amesimama, na kikapu kakiweka chini. Kawira akashika sikio lake mwenyewe, kisha akatikisa kichwa, kama anauliza. Rwamba naye akatikisa kichwa. Hakusikia.

Kawira akainua mkono wake pole pole, akavaa kofia isiyokuwapo. Akamweleza upya, tangu asubuhi ile. Safari hii Rwamba alilia mahali pa kulia.