Njia ya Genge

Tangu asubuhi mtunza kibanda hakuweza kukaa kitako. Alifagia chumba cha wageni, akakifagia tena, kisha akapanda ngazi kukaza waya za paa alizokuwa amezikaza jana yake. Mumewe, ambaye ndiye mpishi wa pale, alitoka mlangoni na mwiko mkononi akamtazama.

"Una siafu mwilini leo?"

"Upepo umebadilika," alijibu.

Haukuwa upepo. Yalikuwa maneno aliyotupiana na baba yake kule chini kijijini, na tangu siku hiyo yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kibanda kile cha mawe kilisimama chini kidogo ya theluji, pale mgongo wa mlima unapojikunja kabla ya kushukia upande wa pili. Babu yake ndiye aliyekijenga. Alikuwa mchukuzi wa chumvi, na safari moja dhoruba iliwakuta njiani yeye na wenzake. Yeye alirudi, wenzake walibaki huko huko. Kiangazi kilichofuata akaanza kurundika mawe. Paa la kwanza lilichukuliwa na upepo, la pili likaunguzwa na radi. La mabati aliliezeka baba yake, akalifunga kwa waya hadi kwenye mwamba, na hilo ndilo lililodumu. Siku hizi hakuna abebaye chumvi. Wanaokuja ni wapanda mlima, na viatu vyao vizuri.

Njia za kufika zilikuwa tatu. Ya kijito ilikuwa ndefu na ya upole. Ya mgongoni ilikuwa fupi, ila upepo wake hauna adabu. Ya tatu ilipita ubavuni mwa genge, mwamba uliosimama wima. Babu aliichonga mwenyewe kwa nyundo, akapigilia mnyororo wa kushikilia. Masika yaliyopita mlima uliporomoka, kipande cha njia hiyo kikaenda na mnyororo wake. Mjukuu wake, mtunza kibanda, akapigilia ubao kwenye njia panda: IMEFUNGWA. Baba yake, aliyehamia kijijini baada ya magoti kumsaliti, hakuulizwa. Moto ukawaka.

"Njia ya baba yangu haifungwi kwa kipande cha ubao!"

"Basi panda ukaifungue wewe!" binti alijibu, akaondoka bila kuaga.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mtoto afanyeje ikiwa mkuu mwenyewe ndiye hasikii.

Mchana waliingia wageni wawili, mwalimu na mkewe, wamepanda kwa njia ya kijito.

"Tumempita mzee mmoja pale njia panda," alisema mwalimu akivua begi. "Kabeba waya begani. Tumemsalimia, wala hakugeuka. Kaukwepa ule ubao, akashika njia yake."

"Amevaa kofia gani?"

"Nyekundu, ya sufu," alisema mke.

Mtunza kibanda hakusubiri mengine. Alichukua kamba, akamwambia mumewe abaki na wageni, akashuka nusu akitembea, nusu akikimbia. Ukungu ulikuwa unapanda kumpokea. Kila jiwe lililobiringika lilimpasua moyo.

Alipofika penye maporomoko aliita, "Baba!"

Kisha sauti ikatoka chini yake: "Usipige kelele, mawe yatakusikia."

Mzee alikuwa katikati ya poromoko, kajibandika kwenye kijukwaa cha mwamba kisichotosha hata mbuzi.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Magoti tu, yamegoma. Sipandi, sishuki."

Binti alifunga kamba kwenye kigingi cha chuma kilichobaki juu, akateremka kwa tumbo hadi kwake.

"Nilidhani umeogopa bure, mama," alisema mzee.

"Niliogopa, lakini si bure. Lete mguu."

Alimfunga kamba kiunoni, kisha akamshika kisigino kwa mkono, akakiweka penye mwamba mzima, halafu kingine. Hatua moja, pumzi; hatua moja, pumzi. Mara jiwe lilichomoka chini ya mzee, likaenda, wala hawakusikia likitua. Walipanda.

Kibandani mpishi alimfunika mkwewe blanketi, akampa supu pamoja na karipio, vyote vya moto.

"Mzee," aliuliza mwalimu, "ile njia itafunguliwa lini?"

Mzee alikoroga supu bila kuinywa. "Haipo," alisema. "Ilikuwepo."

Binti alikuwa ameshinda, na ushindi ule ulimchoma. Akatoka nje. Haikupita muda, mzee akamfuata, blanketi begani.

"Kwa nini hukai ndani?"

"Wewe mbona hukai?" Mzee alinyoosha kidole. "Ule mstari wa nyasi, juu ya maporomoko. Unauona?"

"Naona. Kesho nakwenda kuutazama. Mimi, siyo wewe."

"Nitakuangalia kwa darubini."

"Ukiwa umekaa kwenye kiti."

"Nimesimama!"

Mpishi aliwaita waje kula, akaita tena. Ukungu ulikuwa umeshafunika mteremko wote, lakini wao walikuwa bado wananyoosha vidole, huyu kulia, yule kushoto, wakibishana njia mpya ianzie wapi.