Vidonge Mia Katika Kinu Kimoja

Kila jioni mdogo wangu wa kike, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, fundi cherehani mwenye wateja wake, alimfungulia mama mdomo na kuinua ulimi. Mama alichungulia humo kushoto na kulia hadi aridhike kwamba kidonge cha kifafa kimeshuka. Nami nilisimama mlangoni, mikono kiunoni, kusimamia zoezi, kwa sababu mimi ndiye niliyesomea dawa.

Mdogo wangu alikuwa akianguka. Wiki nyingine alipita salama, wiki nyingine alianguka mara mbili, na katikati ya hapo zilikuwapo siku za kusinzia juu ya cherehani tangu asubuhi. Mwenye karakana ya ushonaji alikuwa mama mwungwana, lakini sindano ya mashine haina uungwana, na alishamwambia wazi: ukianguka hapa tena, mwanangu, itabidi ubaki nyumbani. Mama yetu aliamua kwamba binti yake anatema vidonge. Nilimuunga mkono kwa sauti kubwa.

"Usitudanganye," nilimwambia. "Hizo dawa zinatoka kiwandani kwetu. Nazipima mwenyewe kwa mikono hii. Kila kidonge kina miligramu mia. Tatizo si dawa, ni wewe."

"Dada, nameza."

"Unameza hewa."

Naona haya kuyaandika, lakini niliyasema, tena jirani akisikia.

Sasa nieleze huko kupima kwangu kulivyokuwa. Kutoka kila mkupuo wa vidonge, yaani vile vilivyotengenezwa kwa mara moja, nilichota kadhaa, nikavisaga pamoja kwenye kinu cha kauri, nikapima unga ule una dawa kiasi gani, kisha nikagawanya kwa idadi ya vidonge. Jibu likiwa kati ya tisini na mia na kumi, natia sahihi, mzigo unatoka. Hapo mwanzo tulisaga vidonge ishirini. Majibu yalirukaruka: leo themanini na tano, kesho mia na kumi na nane, na mizigo ikawa inazuiliwa kila mara. Meneja wa ubora, ambaye tulimwita Wastani kwa kuwa hakumaliza sentensi bila neno hilo, alijifungia ofisini siku mbili akifikiri. Mtu mwingine angekwenda kuitazama mashine ya kuchanganyia unga. Yeye alitoka na tiba yake: tusage vidonge mia.

Majibu yakatulia. Karibu kila wastani ulikuja ukaketi jirani na mia, naye akawa anaichora yote kwenye chati ukutani, mpaka ikajengeka kilima chembamba cha kupendeza. Wakubwa walikuja kukitazama na kutikisa vichwa kwa furaha. Wastani alipewa cheti chenye fremu, sisi tukapewa soda, na mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Hakuna aliyeuliza kilichopona ni vidonge au ni chati.

Aliyeuliza ni fundi cherehani. Ijumaa moja alianguka karakanani, akarudishwa nyumbani na mkasi wake na tepu yake ya kupimia ndani ya mfuko, yaani kazi ndiyo basi. Mama alifoka, nami nikafoka nyuma yake. Yeye alikaa kwenye mkeka akijikanda bega, akasubiri tuchoke.

"Dada, hivyo vidonge mnavipima kimoja kimoja?"

"Tunasaga mia kwa pamoja. Ndiyo sayansi hiyo."

"Mimi nikiwapima wateja mia kiuno, nikatafuta wastani, nikashona magauni yote kwa kipimo hicho, yatawakaa wangapi?"

"Hayo ni magauni."

"Na wiki ijayo nikipima wengine mia, wastani utakuja karibu uleule. Nitajisifu kwamba mtaa mzima una kiuno kimoja?"



Jumatatu niliondoka na vidonge kumi kutoka pakiti yake mwenyewe. Wenzangu walipokwenda kula, nikavipima kimoja kimoja. Cha kwanza, thelathini na nane. Nikadhani nimekosea, nikaosha vyombo upya. Cha pili, mia na sitini na moja. Cha tatu kilijaribu kunifariji, mia na nne. Cha nne kilikuwa na kumi na mbili, chokaa tupu. Cha saba, mia na sabini. Siku ya cha nne mtu anaanguka, siku ya cha saba anasinzia. Nilipomaliza nikajumlisha yote kumi, nikagawanya: tisini na tisa nukta nane.

Nilikaa kwenye stuli nikajitukana. Ndani ya kinu, vidonge vilivyozidi vilikuwa vikivifidia vilivyopungua. Ukisaga vichache, fidia haitoshi, na jibu linayumba kidogo, angalau likupe wasiwasi. Ukisaga vingi, vinafichiana aibu vizuri zaidi, na wastani unatulia hata kama kila kidonge kimeshika njia yake. Kile kilima chetu chembamba kilikuwa kilima cha wastani tu. Vidonge vyenyewe hatukuwahi kuvichora.

Nikapitia kwa fundi wa mashine ya kuchanganyia. Alihesabu kwa vidole: mkono wa ndani unaokoroga unga umekatika, huu mwezi wa nane sasa. Aliripoti mara tatu, na mara zote tatu alijibiwa kwamba majibu ya maabara ni mazuri. Majibu yenye sahihi yangu.

Wastani aliipokea karatasi yangu, akavaa miwani, akaruka namba zote kumi na kutua kwenye mstari wa mwisho.

"Tisini na tisa nukta nane. Safi sana. Sasa tatizo liko wapi?"

"Tazama juu yake, bosi. Kuna kumi na mbili. Kuna mia na sabini."

"Hivyo ni vidonge kimoja kimoja. Sampuli ya kitu kimoja hudanganya, kila msomi anajua."

"Mgonjwa hamezi mia, bosi. Anameza kimoja."

"Mgonjwa ana mwaka mzima wa kumeza," alisema, na wala hakucheka. "Kwa wastani, atakuwa amepata dozi yake."

Kisha akanisogezea fomu ya mkupuo wa siku hiyo na kalamu juu yake. Akaniambia kama nimechoka kusaga, wapo wengi watakaosaga. Kisanduku cha majibu kilikuwa na nafasi ya namba moja. Nikaandika zote kumi, zikafurika hadi pembeni mwa karatasi, na mahali pa sahihi nikapaacha wazi. Kabla sijafika getini mlinzi alikuwa ameshaagizwa kuchukua kitambulisho changu. Nakala ya zile namba kumi niliipeleka kwenye ofisi inayosimamia dawa. Waliipokea, wakaigonga muhuri, wakaniahidi kwamba wakipata nafasi watakuja kuchukua sampuli.

Nyumbani nilimkuta mama keshatenga maji ya kumezea. Nikawaambia yote, namba kwa namba.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa anameza?" mama aliuliza.

"Alikuwa anameza, mama. Siku zote."

Mama alikaa chini, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Nikapiga magoti mbele ya mdogo wangu nikamwomba msamaha. Alikuwa anaigeuzageuza pakiti mkononi.

"Duka la dawa hapa mtaani wana za kiwanda kingine?"

"Hawana. Nimeulizia maduka yote. Za nje zitafika wiki ijayo."

"Na nisipomeza leo?"

"Ukiacha ghafla ni hatari zaidi."

Akavibonyeza vidonge vilivyobaki kimoja baada ya kingine, vikaangukia mezani. Vilikuwa vinne, vyeupe, vya ukubwa mmoja, na kila kimoja kina nembo yetu. Akavisogeza kwa kidole mpaka mbele yangu.

"Nichagulie," alisema.

Mama aliondoa kanga usoni, naye akanitazama.