Marlys Apiga Rivasi

Ukitaka kujua ndoa ya watu ikoje, usiwaulize wenyewe. Waangalie wakirudisha trela la kulala, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, kinyumenyume kwenye kambi ya hifadhi ya jimbo, jioni, wakati majirani wote wameshapanga viti vyao vya kukunja na hawana la kufanya mpaka moto uwake. Kwetu Minnesota hiyo ndiyo sinema ya bure. Mume yuko kwenye usukani wa pikapu, mke yuko nyuma anapunga mikono, na sisi wengine tumeshika vikombe vya kahawa tukijifanya tunasoma. Hakuna anayecheka kwa sauti. Wala hakuna anayekwenda kusaidia mpaka aitwe, maana kumsaidia mtu asiyeomba ni kumtangazia kambi nzima kwamba hajui.

Kaka yangu Orrin na mkewe Marlys walikuwa mabingwa wa sinema hiyo hapa Ziwa Tamarack. Walianza kuja kabla binti yao Kari hajazaliwa, kiwanja kilekile chini ya misonobari, maji yapo pale mbele tu, na kila mwaka waliingia kwa makelele.

"Kushoto, Orrin! Nimesema kushoto!"

"Kushoto gani, mwanamke? Unaniongoza au unafukuza mbu?"

Wakishaegesha, walikuwa hawasemeshani mpaka soseji ziive. Mimi nilipiga hema langu dogo pembeni yao na kufaidi yote, na sikuwaonea huruma hata kidogo.

Majira ya baridi yaliyopita Orrin akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelala, mguu anauburuta, na maneno yanamtoka moja moja, kwa taabu. Daktari amemkataza kabisa kuendesha gari. Hapo ndipo Kari, ambaye anampenda baba yake mpaka anakera, alipoanza kutafuta mnunuzi wa trela.

"Mama, nani atalirudisha kwenye kiwanja? Wewe hata toroli la dukani unagonga nalo watu."

"Niligonga mmoja tu. Na alistahili."

Walibishana jikoni mbele ya Orrin, ambaye alikuwa akitazama dirishani, mpaka wakapatana hivi: Marlys alikokote trela mwenyewe hadi ziwani na aliingize mwenyewe kwenye kiwanja chao. Akiweza, linabaki. Akishindwa, Kari ampigie mnunuzi simu hukohuko kambini. Na bila trela, Orrin hawezi kulala ardhini kwenye hema kama mimi. Ziwa ndiyo basi tena, na hilo ziwa ndilo jambo pekee aliloliulizia tangu atoke hospitalini.

Nasema wazi, nilimwogopea wifi yangu. Tangu theluji iyeyuke alikuwa akifanya mazoezi kwenye uwanja wa kuegeshea magari wa kanisa, akiweka ndoo badala ya miti. Mchungaji aliniambia ndoo zote zimekufa.

Siku yenyewe mimi nilitangulia. Walipotokea kwenye kona ya barabara ya kambi, Marlys nyuma ya usukani, kidevu kimeinuka, mikono imeng'ang'ania kama anakamua ng'ombe mkorofi, nikaona vikombe vya kahawa vinainuka kiwanja baada ya kiwanja. Kari alikuwa nyuma yao kwa gari lake. Jirani yetu wa mwaka huu, Duane Pietila, jitu lenye moyo wa kitoto na trela jipya lenye kamera nyuma, alikwishageuza kiti chake ili aone vizuri.

Orrin akashuka. Hakuna aliyemwambia. Alijikongoja mpaka nyuma ya kiwanja, akaegemea kiuno kwenye meza ya mbao, akainua fimbo yake kwa mkono mzima. Marlys akamwona kwenye kioo cha pembeni. Nikasema moyoni, Mungu wangu, wamebadilishana zamu.

"Orrin, kaa kwenye kiti!" nikamwambia.

"Ardis," akanijibu, "nya...maza." Hilo neno ugonjwa haujamnyang'anya.

Marlys akaweka rivasi. Orrin akaelekeza fimbo upande wa ziwani. Marlys akakata usukani upande wa ziwani. Mkia wa trela ukaenda upande mwingine kabisa, moja kwa moja kwenye msonobari.

"Simama!" tukapiga kelele watu wote tuliokuwa tunasoma.

Akatoka mbele, akanyoosha, akarudi tena. Fimbo ikaelekeza ziwani, usukani ukaenda ziwani, mkia ukaenda msonobarini. Mara ya tatu gurudumu likapanda juu ya mawe ya jiko la kuni la kiwanja, na kitu ndani ya trela kikaanguka na kuvunjika. Nadhani lilikuwa bakuli la saladi ya viazi. Marlys akazima injini, akakaa tu pale, mikono bado kwenye usukani.

Kari akashuka garini. "Mama, inatosha. Umejaribu. Hakuna atakayekulaumu."

"Sijamaliza."

"Mama, utamgonga Baba!"

Duane naye hakuweza kuvumilia tena. Akainuka, akaja huku ameshika kofia mkononi. "Samahani sana, bibi. Sitaki kuingilia. Lakini kama utapenda, mimi naweza kuliingiza mara moja tu, kisha wote tukanywe kahawa."

Alisema kwa adabu, maskini, lakini nilitamani kumpiga na sufuria. Akiliingiza Duane, trela limeuzwa.

Marlys akatoa kichwa dirishani. Hakumtazama Duane. Alimtazama mumewe.

"Orrin! Hicho unachonionyesha ni nini? Usukani au mkia?"

Orrin akamkodolea macho.

"Wewe si ndiye dereva siku zote!" Marlys akaendelea. "Nikadhani unanionyesha pa kukata usukani. Nakata unakotaka, trela linakwenda kinyume! Mkia au usukani?"

Trela ndivyo lilivyo, ukikata usukani huku, mkia wake unakwenda kule. Orrin anajua hivyo kuliko mtu yeyote kambini. Akatazama fimbo yake. Akatazama mkia wa trela, kisha mahali aliposimama, palepale mkewe aliposimama miaka yote hiyo akitukanwa. Na kaka yangu, ambaye hatujamsikia akicheka tangu kiharusi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi akae mezani.

"Mkia," akasema. "Huku... usukani... hauonekani."

"Ahaa!" Marlys akapiga mlango wa pikapu kwa kiganja. "Hauonekani, eeh? Na mimi niliuona kwa miwani gani, mzee? Miaka yote hiyo nakuonyesha mkia, unaniita kipofu!"

"Ndiyo," akasema Orrin, machozi ya kicheko yanamtiririka. "Pole... mama. Pole sana."

Kambi nzima ilikuwa imeacha kujifanya inasoma. Mama mmoja wa kiwanja cha pili alimgeukia mumewe na kumtazama kwa namna ambayo sikumwonea wivu yule bwana.

Marlys akawasha injini. "Haya. Nionyeshe mkia. Usukani niachie mwenyewe."

Fimbo ikainuka. Safari hii mkia ukaja ziwani taratibu. Fimbo ikashuka, pikapu ikanyooka. "Rudi," Orrin akasema, "rudi, rudi... hapo." Trela likatulia katikati ya kiwanja chini ya misonobari, na Duane Pietila akapiga makofi peke yake mpaka wote tukamfuata. Kari alisimama kando akitoa simu. Nikamsikia akisema, "Samahani, bwana, halipo tena. Hapana, halijauzwa. Mama amelichukua." Kisha akaenda nyuma ya gari lake kupenga kamasi.

Nilidhani mambo yameisha. Nikawasha moto, nikatafuta uma za soseji. Marlys alikuwa ameshashuka, anafuta jasho, anajisifu kwa Duane kuhusu kamera yake ("Mimi kamera yangu ina fimbo"), ndipo Orrin aliposema:

"Toa."

"Nitoe nini?"

"Toa nje. Rudia."

Marlys akaweka mikono kiunoni. "Limepinda wapi? Hebu nionyeshe palipopinda!"

"Halijapinda."

"Sasa?"

Orrin alitafuta neno kwa muda mrefu. Hatukumsaidia. Hata Kari hakumsaidia.

"Rudia... bila mimi."

Marlys akateremsha mikono kutoka kiunoni.

"Mwakani," Orrin akasema, "au mwaka... mwingine. Mimi sijui. Lakini wewe... uje. Wewe unapapenda."

Marlys akainua pindo la shati akajifuta uso wote, bila haya.

"Mzee mjinga," akasema. "Mzee mjinga kabisa." Akapanda pikapu, akaufunga mlango kwa kishindo, akalitoa trela lote mpaka barabarani.

Orrin akajikokota hadi kwenye kiti chake cha kukunja, akakigeuza kuelekea ziwani, akampa mgongo mkewe ili asimwone wala asionwe. Akanipa fimbo niishike. Mimi nilikuwa mbele yake nikichochea moto, kwa hiyo ni mimi tu niliyeona. Injini ilipoanza kunguruma nyuma, mkono wake mzima ukainuka kidogo juu ya goti. Akawa anasikiliza mawe yanavyosagika chini ya magurudumu. Vidole vikaelekea ziwani. Vikarudi. Vikanyooka. Vikaita taratibu, njoo, njoo. Kisha kiganja kikafunguka: simama. Na palepale injini ikazimwa.

Trela lilikuwa limenyooka kuliko mara ya kwanza.

Marlys akaja na kusimama mbele yetu, anahema. "Nimefanya peke yangu," akasema. "Umeridhika?"

Orrin akatikisa kichwa kukubali. Mkono wake ulikuwa umetulia gotini kama haukufanya lolote. Lakini mimi siri sijui kuitunza, hata ya keki ya kuzaliwa.

"Peke yako wapi?" nikasema. "Huyu amekuelekeza mwanzo mpaka mwisho, hapa kwenye goti lake."

Marlys akautazama ule mkono. Akachuchumaa mbele ya kiti, akauchukua, akauweka shavuni.

"Ndiyo maana limenyooka," akasema.