Namba ya Shangazi

Wateja wangu wana swali moja tu. Mtu anaingia dukani, makufuli ya kawaida hata hayaangalii, anakinyooshea kidole kile kitasa cheusi cha kioo kilichoko nyuma ya kaunta: "Mama Vitasa, hivi vya simu hivi vina faida kweli, au mnatupiga tu?" Zamani nilikuwa na jibu refu. Nilikuwa nakishusha, nakiwasha taa zake, namwambia haya, weka kidole hapo, sikia kinavyolia. Mdomo wangu peke yake ulikuwa unauza vitatu kwa siku. Sasa hivi nanyamaza, na mteja akiona nimenyamaza anaenda duka la pili.

Naitwa Maimuna. Duka langu lipo Mtaa wa Nyamwezi, Kariakoo, na vitasa nimeuza miaka kumi na tisa. Mlango gani mimi siujui? Kwa hiyo mdogo wangu Nasreen aliponijia mwezi wa Shaabani, mkono wa kushoto umefungwa hogo la plasta, umevunjika mahali pawili, nilijua la kufanya. Nilichukua kitasa kizuri kuliko vyote dukani, nikapanda nacho ghorofa ya tatu kwangu, Mtaa wa Mafia, nikatoboa mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Fundi sikumwita. Sikutaka hata fundi ajue.

Aliyeuvunja mkono ule ni mumewe, Khalfani. Na ukimwona Khalfani, wallahi, utampa binti yako. Safu ya kwanza msikitini, sauti ya chini, kanzu imenyooka, hakupiti njiani bila shikamoo. Mara ya kwanza ilikuwa jino, tukaambiwa Nasreen ameteleza bafuni. Mara ya pili mkono. Na usiku ule wa mkono alimwambia taratibu, kwa sauti ile ile ya chini: "Ukitoka tena katika nyumba yangu, siku nikikurudisha, utatoka umebebwa." Nasreen akanisimulia mwenyewe. Nikaapa mbele ya Mungu kwamba kule harudi.

Wazee walikaa kikao. Khalfani akalia machozi mbele yao, wazee nao wakalainika. Wakasema binti arudi. Nikawaambia harudi, na anayemtaka aanze na mimi. Wakaniita jeuri. Sawa, mimi jeuri, nimezaliwa hivyo.

Kitasa kile kilinipa usingizi. Kinafunguka kwa kidole au kwa namba ya siri, na kila mtu anapewa namba yake. Akifungua, simu yangu inalia na jina lake linatokea, hata niwe wapi. Waliokuwa wanaweza kuingia ni watatu tu: mimi, Nasreen, na Shangazi Kijakazi.

Shangazi ni dada wa baba yetu. Mama alipofariki, Nasreen ana miaka minne, Shangazi ndiye aliyetulea kwa vitumbua na tambi, hakutaka hata kuolewa tena. Kila siku alikuwa anakuja kumpikia Nasreen uji wa pilipili manga, kumpaka mafuta ya karafuu, kumfunga mtandio maana kwa mkono mmoja hawezi. Ningemnyima vipi? Nikajaribu kuandikisha kidole chake kitasani, kikakataa. Vyote kumi vikakataa. Vidole vimekwisha kwa mbuzi ya nazi na moto wa miaka arobaini. Basi nikampa namba, nikamkaririsha kama mtoto wa chuoni mpaka akaishika.

"Usimpe mtu, Shangazi."

"Nimpe nani mie? Mie nina nani?"

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, baada ya Alasiri. Nikamwona Shangazi anaingia dukani, buibui limejaa vumbi, mkononi ana bakuli la sambusa. Nilishangaa, maana Shangazi Kariakoo haipendi, anasema watu wanamkanyaga hata shikamoo hawatoi.

"Shikamoo Shangazi! Leo jua limechomoza wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nimekukumbuka tu. Agiza chai tule."

Nikaagiza chai. Nilifurahi, nisiseme uongo. Mteja akija anataka komeo, Shangazi ananishika mkono: kaa kwanza, atangoja, duka halikimbii. Akanisimulia habari za watu wa Msimbazi waliokufa zamani. Akanisimulia harusi yangu mwenyewe, kana kwamba mimi sikuwepo. Nikaona anaitazama saa ya ukutani, akarudi kwenye hadithi, akaitazama tena. Nikadhani anahesabu muda wa Magharibi.

Simu ikalia. Nikaiangalia kwa mazoea tu. Mlango umefunguliwa, saa kumi na dakika arobaini. Aliyefungua: Shangazi.

Nikainua macho. Shangazi yuko mbele yangu, sambusa mkononi.

Nikaisoma tena, labda ni ya jana. Ilikuwa ya sasa hivi.

"Shangazi, nani yuko nyumbani kwangu?"

Wala hakuuliza kwani vipi. Akafuta midomo kwa ncha ya mtandio. "Tulia, Maimuna. Waache wazungumze."

"Nani wazungumze?"

"Mke na mumewe. Mtoto wa watu amekuja kwangu siku tatu mfululizo, analia, ameapa kwa msahafu. Nimempa ile namba. Kwani ni mwizi? Mke hafichwi mumewe, mwanangu, ni dhambi. Wagombanao ndio wapatanao." Akaukaza mkono wangu. "Kaa. Nimekuja hapa ili usiende kuwaharibia."

Ya Rabi! Nilimpokonya mkono Shangazi yangu, mwanamke aliyenilea, nikampiga kumbo, bakuli likaanguka. Duka nikaliacha wazi hivyo hivyo, na vitasa vyote ndani.

Kutoka Nyamwezi mpaka Mafia ni mwendo mdogo, lakini Alhamisi jioni Kariakoo haina mwendo mdogo. Mikokoteni ya marobota, wauza ndala waliotandaza mpaka katikati ya barabara, watu bega kwa bega. Napiga simu ya Nasreen, inaita, inaita, inakatika. Napiga ya jirani yangu Celina wa mlango wa pili, yuko kazini Mbagala. Nikawa napiga kelele "Nipisheni jamani, nina mgonjwa!" na mtu mmoja akanicheka, akasema mama huyo kaibiwa. Nilikuwa nalia na sijui kama nalia.

Ngazi nilizipanda kiatu kimoja. Nikaweka kidole, mlango ukafunguka.

Walikuwa wamekaa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko chochote, kwamba walikuwa wamekaa. Viatu vya Khalfani viko mlangoni, amevipanga sawasawa. Yeye yuko kwenye kochi langu anakunywa maji. Nasreen yuko pembeni yake amevaa buibui, begi lake dogo mapajani, mtandio umefungwa vizuri. Na mwenyewe alikuwa bado hawezi kujifunga.

"Shikamoo dada," akasema Khalfani, akasimama.

"Marahaba," nikamjibu. Mdomo huu huu! Mtu kaingia kwangu kwa namba ya wizi, nami namwitikia marahaba kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa. Mpaka leo naichukia ile marahaba.

"Nasreen, vua hilo buibui."

"Naenda nyumbani, dada." Hakunitazama. Alikuwa anaongea na begi.

"Nyumbani ni hapa. Amekuambia nini? Niambie mimi, niko hapa, hakufanyi kitu."

"Hakuniambia kitu. Tumeelewana."

Nikasimama mlangoni, nikatanua mikono. Nikamwambia Khalfani kwamba atanipita nikiwa maiti. Hakukasirika, akatabasamu kidogo tu, akavaa viatu vyake. Nasreen ndiye aliyekuja mpaka kwangu, akanikumbatia kwa mkono ule mzima. Nikahisi moyo wake unavyokwenda mbio. "Usimkasirishe, dada," akaninong'oneza. "Tafadhali. Utaniponza." Nikashusha mikono. Nisamehe, ewe unayenisikiliza. Sijui ningefanya nini kingine, lakini nilishusha mikono.

Walipofika ngazi ya pili, Shangazi akawa anapanda, anahema, anashikilia ukuta. Akawaona wawili wanashuka pamoja. Akapiga vigelegele. Akavipiga virefu, kama vya harusi, ngazi nzima ikaitika, majirani wakafungua milango wakachungulia wakacheka. Khalfani akainama akambusu mkono.

Niliposhika simu usiku ule, nilifuta namba ya Shangazi. Nikakaa naitazama ile simu mpaka alfajiri. Kitasa hakikukosea kitu. Kiliniambia aliyefungua na dakika aliyofungua.

Siku ya kwanza nikampigia Nasreen, akapokea Khalfani: amelala. Siku ya tatu: anaoga. Siku ya sita simu haipatikani kabisa. Shangazi nikamwomba aende yeye, maana yeye ndiye mpenzi wao. Akarudi anasema hakufunguliwa, labda hawakusikia hodi. Alilisema hilo akiwa ameinamisha kichwa, na nikaona hofu imeanza kumwingia. Sikumhurumia.

Siku ya kumi na mbili, mchana, nikafunga duka nikaenda mwenyewe. Khalfani anakaa ghorofa jipya upande wa Mnazi Mmoja, juu ghorofa ya tano. Nilikuwa nimefika pale mara nyingi, mlango ulikuwa wa mbao na kitasa cha kawaida nilichowapa mimi zawadi ya harusi. Sasa niliukuta mlango wa chuma. Na juu yake kitasa cheusi cha kioo, na kijicho cha kamera.

Nikakijua hata kabla sijakigusa. Sikukiuza mimi, lakini nakijua. Ni aina ya pande mbili. Hizo tunawauzia wenye maghala, wasiotaka wafanyakazi watoke na mali: kuingia ni kidole, na kutoka pia ni kidole. Asiyeandikishwa akiwa ndani, hata moto ukiwaka, anabaki ndani. Mteja akitaka kufunga cha namna hiyo nyumbani, huwa namkatalia.

Nikagonga. "Hodi! Nasreen, hodi!" Nikagonga kwa ngumi.

Simu yangu ikalia. Khalfani.

"Shikamoo dada. Nakuona upo mlangoni kwangu." Nyuma yake nasikia kelele za soko, watu wanapatana bei ya vitambaa. "Nasreen hayupo. Ametoka na dada yangu, wamevuka Kigamboni kusalimia. Ukiwahi pantoni Magogoni, labda utawakuta huko huko."

"Wametoka saa ngapi?"

"Asubuhi na mapema. Pole kwa usumbufu, dada." Akakata.

Alivyosema kwa upole! Nikataka kuamini, na ndiyo aibu yangu nyingine. Nikageuka. Nilikuwa nimeshashuka ngazi tatu, naifikiria pantoni na foleni yake, nikasikia kitu kinakwaruza chini ya mlango.

"Dada."

Nikarudi, nikapiga magoti, nikalaza shavu sakafuni. Pale chini pana upenyo mdogo tu, nikaona ncha za vidole vya mdogo wangu.

"Nipo, dada. Nipo humu tangu ile siku."

"Fungua, Nasreen! Fungua mama, tuondoke sasa hivi, nipo peke yangu!"

Vidole vikaondoka. Nikasikia nyayo zake, kisha kioo kinabonyezwa kwa ndani, na kile kimlio cha kukataa ninachokijua kuliko mtu yeyote Kariakoo. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

"Hakinitambui, dada," akasema. "Ameandikisha chake tu."