Wanaume Tisa Nyuma ya Jeneza

Kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa doa jekundu tu. Mwalimu Rawya alinieleza kwamba doa lile ni galaksi, na mwanga wake ulianza safari ulimwengu ukiwa bado mchanga. Nyota za galaksi ile zimegubikwa na vumbi, jicho halizioni. Joto la vumbi lenyewe ndilo linalotufikia.

"Inang'aa kupita kiasi," alisema. "Wataalamu wanataka kujua kama ina majirani."

Ilikuwa 2010, kabla ya kura ya maoni ya kuviunganisha vyama serikalini. Nilikuwa fundi redio Gando, mengi nimejisomea mwenyewe, na wataalamu hao walikuwa wameomba watu wa kujitolea kuhesabu vidoti vilivyoizunguka. Nikahesabu kumi na tisa. Nikafurahi.

"Kumi na tisa ni wengi kuliko nini, Talib? Hesabu na anga ya kawaida."

Nikahesabu vipande vitano vya anga, siku nne. Kila kimoja kilikuwa na vidoti vitatu, vinne. Rawya alicheka kwa furaha. Sasa yuko Maskati, na kicheko kile nakikumbuka mpaka leo.

Wiki ile ile alifariki Bi Mwatum, mke wa Jaribu. Nyumba zetu zilipakana, lakini tangu uchaguzi wa 2000 hatukuamkiana. Yeye chama kile, sisi wengine mtaani hiki, hatukuzikana.

Baada ya adhuhuri jeneza lilipita mbele ya duka langu. Nikahesabu, kwa mazoea tu. Wanaume tisa, wazee watupu. Maziko ya kawaida Gando hufunga njia, watu wakigombea kupokezana. Jaribu, na miaka yake sabini, alikuwa mbele kushoto, bega limemlala, hapana wa kumpokea.

Nikafunga dirisha la duka.

"Weye, wapi?" akauliza Silima, mteja wangu wa miaka yote.

"Kuzika."

"Ukenda huko, redio zetu tunapeleka Wete."

"Pelekeni, yakhe."

Nikavuka njia, nikaingiza bega langu pale lilipokuwa lake. Jaribu alitoka pembeni bila ya kunitazama.

Silima hakutania. Mwezi mzima sikufungua redio ya mtu. Kisha asubuhi moja Jaribu akaja, redio kwapani, akaiweka mezani. Nikaiwasha. Ikalia vizuri kabisa.

"Mzee Jaribu, mbona nzima hii?"

"Najua," akasema, akavuta kibao akakaa.