Mji Aliouchagua Hilaria

Daktari Gladys aliinua picha ya kichwa cha mjukuu wangu, akaielekeza dirishani. Katikati ya ubongo palikuwa na doa jeusi la mviringo, kama yai la kwale.

"Ni mfuko wa maji, Bibi," akasema. "Umeziba njia. Maji ya kichwani hayapiti, yanamjaa. Tukichelewa atapoteza macho, kisha tutampoteza mwenyewe."

Ilikuwa mwaka 2006, Hilaria ana miaka tisa. Tangu masika nilikuwa nikimtegea vitendawili jioni tukimenya ndizi, na yeye aliyezoea kunijibu kabla sijamaliza, akawa ananitazama tu. Nikamwita mvivu. Siku moja nikamnyima maziwa, Mungu anisamehe. Mpaka alipotapika asubuhi tatu mfululizo, akajigonga kwenye mlango wa zizi anaoujua tangu atambae, ndipo nikamfunga kanga, nikamteremsha Moshi.

"Kichwa kifunguliwe, mama?" mwanangu Thadeus, baba yake, alininong'oneza kwa Kichagga. "Turudi nyumbani. Kama ni kufa, afie kwetu."

Daktari akatuonyesha chombo cha kuutoboa mfuko ule: bomba jembamba kama kalamu, nchani lina taa na kamera. Tundu moja dogo juu ya paji la uso, basi.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini mfongo naujua. Ni mfereji wetu, unaoshusha maji ya mlimani mpaka kwenye migomba ya kwetu Kibosho, na baba yangu ndiye aliyeutunza. Ukiziba, hakuchimbua shamba zima. Alitafuta palipoziba, akapitisha mti mrefu, akatoboa. Maji yakashuka.

"Thadeus," nikamwambia, "mfongo ukiziba huwa unawaita wachimba kaburi? Shika kalamu."

"Na wakikosea, mama?"

"Nitakuwa nimekosea mimi. Weka sahihi."

Akaweka. Mikono yangu nilikuwa nimeificha ndani ya kanga.

Walikaa naye saa tatu. Kesho yake alifumbua macho, akanywa maji, akalala tena. Nikakaa pembeni ya kitanda bila kumtegea chochote. Chombo kile sikukiogopa. Niliogopa kimya chake.

Siku ya nne nilikuwa namlisha mtori, akausukuma mkono wangu.

"Bibi. Kitendawili."

Kijiko kikaniponyoka. "Tega!"

"Mgeni wa jicho moja kaingia kwangu nimelala, katoka sijamwona."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza. Tangu ajue kusema, sikuwahi kushindwa naye hata mara moja.

"Umenishinda, mjukuu wangu."

"Nipe mji!"

"Nakupa Moshi. Yote, na soko la Kiboriloni juu yake."

Akafikiri, uso kaukunja chini ya bandeji, vilevile kama zamani.

"Moshi sitaki," akasema. "Nipe Kibosho."

Nikampa, pamoja na mfongo.