Gari Lililozikwa na Mtani

Maneno yale Zulmira aliyapata kwa Rozalia, jirani yake wa Ufukoni, siku walipokuwa wanabangua korosho uani, na yakamganda kama utomvu wa ganda unavyoganda vidoleni: bima wakishakulipa ajali, gari linakuwa lao.

"Wanalivuta mchana kweupe, Mama Arsenio. Shemeji yangu wa Mikindani alibaki anatazama vumbi."

"Wanalipeleka wapi?"

"Nani amewahi kujua?"

Zulmira alicheka, lakini jioni ile alikwenda kuishika pikapu, kama mtu anayemshika mtoto paji la uso kuona kama ana homa.

Ilikuwa pikapu ya marehemu Ussene, mumewe. Ndiyo iliyomtoa Kitaya akiwa bibi harusi, kuku mapajani, gunia la mchele miguuni, na Ussene anaimba kwa Kimakua wimbo wa mama yake aliyevuka Ruvuma akabakia upande huu. Kila kona alipiga honi mara mbili. "Moja ya watu," alisema, "nyingine ya wasioonekana." Kiti cha dereva kilibonyea upande wa mlango, alikokuwa akiegemea na kiwiko chake nje. Tangu azikwe, Zulmira akizidiwa na upweke alikuwa akiingia humo na kukaa kiti cha pembeni, kama anasubiri waondoke.

Sasa asubuhi moja mwanawe Arsenio akampigia simu toka barabara ya Kilambo.

"Mama, nimegongwa. Mimi mzima, ila..."

"Na gari?"

Swali lile lilimtia aibu baadaye. Siku hiyo hata hakulisikia likimtoka.

Alipofika alikuta lori la mahindi limehama njia yake na kuipiga pikapu ubavuni. Kioo cha mbele kilikuwa kimemwagika chote, mlango umekunjika. Mwenye lori, kijana anayeitwa Dickson, alikuwa amekaa chini, mikono kichwani.

"Kosa langu, mama. Nilisinzia."

"Kwenu wapi?"

"Songea. Mimi Mngoni."

Zulmira akashika kiuno. "Mngoni! Babu zako walitoka kusini kwa miguu, wewe gari umejifunza lini?"

Dickson akainua uso. Kwa lafudhi na maneno yale alikuwa ameshaelewa kuwa huyu ni Mmakua. Mmakua na Mngoni ni watani, na mtani hata msibani anaweza kulala juu ya jeneza akadai jogoo, asikasirike mtu. Basi akajitupa mbele ya pikapu na kuangua kilio, akiwaita Wamakua kwa jina la utani la walaji wa panya: "Ole wangu! Wala panya wamefiwa! Maiti hii haitoki hapa mpaka nipewe jogoo!"

Watu waliokusanyika wakavunjika mbavu. Mzee mmoja mwenye baiskeli ndiye pekee aliyesema, "Aitwe trafiki aje apime kwanza."

Hapo ndipo maneno ya Rozalia yalipogonga sikioni. Akija trafiki, atafuata bima. Akija bima, pikapu inakwenda.

"Mtani hashitakiwi," Zulmira alisema.

Kamba ikafungwa, na lori lililoigonga pikapu ndilo likaivuta mpaka uani kwake. Dickson alipewa ugali wa muhogo na kisamvu, akaahidi kuleta fundi, akaacha namba ya simu, wakaagana wanacheka.

Fundi Josephu akaja, akazunguka, akaguna. Kunyoosha angeweza. Kioo na mlango vilikuwa vya kuagiza, na uwezo haukuwepo, wa Zulmira wala wa mtani wake. Pikapu ikakaa. Mvua zikaanza, maji yakaingia pale palipokuwa na kioo. Ukiacha maji, Ufukoni kuna upepo wa chumvi, na upepo ule chuma hausamehe. Siku moja Zulmira alimkuta kuku ametaga kwenye kiti cha Ussene, pale pale penye bonde. Alimkimbiza na kandambili huku analia, kisha akaona haya, maana kuku hakuwa na kosa.

Akameza kiburi chake. Akamchukua Arsenio wakaenda mjini, kwenye ofisi ya kampuni iliyolikatia bima lori la Dickson. Dirishani alikuwepo binti anayeitwa Witness.

"Trafiki alipima, mama?"

"Aliyetugonga ni mtani wangu."

Witness aliuma mdomo asicheke. "Mama yangu, bima haina utani. Bila taarifa ya polisi dai lako halina pa kuanzia. Nendeni polisi, mmechelewa lakini nendeni, na huyo mtani akakiri mwenyewe."

Zulmira akampigia Dickson hapo hapo. "Mtani, nakuomba ukajishitaki."

Injini ya lori ikasikika ikizimwa.

"Yaani niwalilie gari, halafu nilale ndani?"

"Ndiyo."

"Wala panya mna roho ngumu nyie." Akavuta pumzi. "Haya, nakuja."

Na akaja. Alikiri kwa kinywa chake, akatozwa faini, na yule trafiki akawasema wote wawili kama watoto waliochezea moto. Taarifa ikapatikana. Ndipo mkaguzi wa bima, Frank, akafika uani, akafungua ule mlango uliobaki mzima, akabonyeza sakafu kwa kidole. Kidole kikatokea upande wa pili.

"Mama, hii ingeripotiwa siku ile ingekuwa kazi ya kunyoosha tu. Sasa sakafu imeliwa, nyaya zimeoza. Kilichovunjwa na ajali tutalipa. Kilichooza kwa mvua si cha ajali, na gari halitasimama tena."

Zulmira akajikaza. "Kwa hiyo mnaichukua?"

"Kuichukua?" Frank alimtazama kwa mshangao. "Kampuni huchukua mabaki pale inapolipa gari zima, tena mwenye gari anaelezwa kwanza. Hii hatuna haja nayo. Ni yako, mama."

Zulmira alikuwa amewaficha pikapu watu wasioitaka, na kule kuificha ndiko kulikoiua.

Dickson alikuja kuizika, kama mtani anavyopaswa, ila safari hii hakujitupa chini. Yeye na Arsenio walikifungua kiti cha dereva wakakiweka barazani, na Dickson hakukikalia. Kisha wakaunga nyaya za honi kwenye betri ya lori. Ililia mara moja, kwa kikohozi, ikazimika.

"Ya watu hiyo," alisema Zulmira. Ile nyingine akaitoa mwenyewe kwa mdomo.

Wenye magari, na wenye watoto wanaoendesha, waepuke haya:

Kuondoa gari barabarani kabla trafiki hajapima, hata kama aliyekugonga ni mtani, shemeji, au mnasali pamoja.

Kumalizana kwa kicheko. Cheka, lakini andika namba ya gari lake na jina la bima yake.

Kungoja mvua ipite ndipo uripoti.

Kuacha gari lililovunjika kioo bila turubai, hasa karibu na bahari.

Kuamini habari za bima zinazotoka kwenye korosho. Dirisha lipo, kuuliza ni bure.

Kuulizia gari kabla mtoto hajamaliza kusema.